Murembe wa Shimo la Nne

Kampuni ya Sukari ya Lurende,
Kambi ya Wafanyakazi,
Bungoma.
9 Machi 1997

Kwa kaka yangu Naftaly,

Nakusalimu wewe na shemeji Rispa, nikiomba Mbotela iwe bado inapata maji ya mfereji asubuhi. Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila goti la kulia humuuma mvua ikikaribia, na majirani wamezoea kuja kumuuliza goti linasemaje kabla ya kuanika mahindi. Asenath wetu, yule aliyezaliwa Pumwani siku zile, atatimiza miaka minne Septemba. Mama yake, Maurine, anasema ana domo lako.

Kaka, kalamu yangu imelala muda mrefu na sitaleta visababu. Nina shida ya kazi, na sina mwingine wa kumuuliza.

Kampuni inajenga uwanja wa gofu wa mashimo tisa kwa ajili ya mameneja na wageni wao. Mimi ndiye msimamizi, nina vibarua kumi na wanne. Utafunguliwa Jamhuri Dei, tarehe 12 Disemba, na Meneja Mkuu ameshaanza kualika watu. Uwanja ukikataa kukomaa, mimi ndiye nitakayeulizwa.

Michoro ilitoka ng'ambo. Mchoraji alikuja Januari, akakaa siku nne, akapiga mipira, akapima, akaenda zake. Bosi wangu, Injinia Sylvance, anaishika michoro ile kama Biblia. Kuna mabanka thelathini na moja, yenye kuta zilizosimama kama za kisima. Miti kadhaa imepigwa msalaba mwekundu ikatwe, ila mikaratusi ya Meneja haikuguswa. Grini ya nne, ile nyasi laini inayozunguka shimo lenyewe, nimeipanda ukoka mara mbili, na mara zote mbili umegeuka njano.

Usidhani ni uzembe. Mbolea na dawa napiga mwenyewe, pampu ya mgongoni simpi mtu. Naisuuza mara tatu kabla ya kuijaza na mara tatu baadaye. Vibarua wananiita Bwana Suuza.

Nisaidie, kaka.

Nduguyo,
Laban


Mbotela, Nairobi.
2 Aprili 1997

Laban,

Barua yako ilifika tarehe 19. Nimekaa nayo siku kumi na nne. Wewe ulikaa na kalamu miaka mitatu na nusu, kwa hiyo usinung'unike.

Tuko hai. Rispa anauza mboga pale pale. Mimi asubuhi nafyeka nyasi za watu Buruburu, mchana niko kwenye kitalu changu kando ya Jogoo Road. Nauza ukoka kwa gunia. Askari wa kanjo wamening'olea mara mbili mwaka huu, nimepanda mara tatu. Jirani yetu Phelister hupita akiniuliza, "Mzee Nyasi, utauza chakula cha ng'ombe mpaka lini na ng'ombe hatuwaoni?" Namjibu ng'ombe wangu huvaa suti.

Rispa aliposoma barua yako aliniuliza banka ni kitu gani. Nikamwambia ni shimo la mchanga ambalo tajiri huchimbiwa kwa pesa zake mwenyewe ili limpe tabu. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Halafu akauliza, "Na Laban hakuandika neno lingine?" Nikamwambia hakuandika. Akainua sufuria yake.

Sasa kazi. Umeniambia mwenyewe kosa liko wapi, ila hukulisikia ulipokuwa ukiliandika. Mchoraji alikuja Januari. Januari ardhi ya kwetu ni sakafu. Mpira ukitua hatua mia na tisini, unabingirika thelathini zaidi. Kwa hiyo akachimba mabanka yake hatua mia mbili na ishirini, ambapo mpira wake ulisimama. Kuanzia Machi mpaka Novemba mpira huohuo utatua mia na tisini na kuzama hapo hapo kama jiwe kwenye ugali. Mabanka yake yatalinda nini? Yatalinda vyura. Banka haliwekwi kwa kutazama mchoro. Linawekwa kwa kutazama nyasi na maji yaliyo chini ya nyasi.

Kabla sijasema zaidi nataka hesabu, sitaki hadithi. Chimba shimo la futi moja kwenye grini ya nne, lijaze maji, uniambie yanakauka kwa dakika ngapi. Uniambie jua linaifikia saa ngapi. Uniambie mikaratusi ni mingapi, iko upande gani, na hatua ngapi.

Kuhusu pampu: nafurahi kusikia unaisuuza. Ulianza lini?

Naftaly


Lurende.
11 Mei 1997

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi, na za Mama zaidi. Alipata kikohozi, sasa amepona. Anauliza kwa nini hukuja Pasaka. Nilimwambia una kazi nyingi.

Hesabu zako ni hizi. Maji yalichukua dakika mia moja na kumi. Jua linafika grini ya nne saa tano na robo. Mikaratusi ni ishirini na miwili, yote upande wa mashariki, wa karibu zaidi uko hatua kumi na moja. Aliipanda Meneja mwenyewe mwaka aliofika, na kila akileta wageni huwaonyesha.

Nimepata shida nyingine. Kulia kwa grini hiyo hiyo, kama hatua arobaini kabla hujaifikia, kuna murembe mkubwa. Mchoro unataka ukatwe, lichimbwe banka mahali pake. Nilimpa shoka Wabwire, kiongozi wa vibarua. Akaliweka chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto.

"Bosi, huu siukati."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Wewe si wa hapa?"

"Wabwire, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mimi ni mzee wa kanisa. Lakini babu zangu walichoma mkuki kwenye mti huu wakaapa, na waliodanganya tunajua walipozikwa. Shoka langu halina kesi na murembe. Kata wewe, bosi, sisi tutasimama pale tukuangalie."

Wote kumi na wanne walisimama. Sikukata. Injinia Sylvance, ambaye ni mtu wa Kisumu, anasema huo ni ushamba na amenipa mpaka mwisho wa Juni.

Uliuliza nilianza lini kusuuza pampu. Ni zamani kidogo. Mtu hujifunza.

Nduguyo,
Laban


Mbotela.
14 Juni 1997

Laban,

Mwambie Mama kazi si nyingi. Mwambie nitakuja.

Anza na mikaratusi. Ukoka hautosheki na jua lolote lile, unataka jua la asubuhi ili umande ukauke mapema. Umande ukilala mpaka saa tano, ukungu unaota, na nyasi inakuwa njano hata uipe mbolea ya mfalme. Tena mizizi ya mkaratusi inafika hatua ishirini na zaidi. Miti yako iko kumi na moja. Inakunywa chini ya grini, inaitia kivuli kwa juu. Hiyo grini imeshikwa shingo na miguu.

Kata tisa, ile iliyo mbele. Kati ya iliyobaki na grini, chimba mtaro wa futi tatu ukate mizizi. Lakini usimwambie Meneja kwamba miti yake ni mibaya, hakuna mtu aliyewahi kushinda kesi hiyo. Msimamishe kwenye baraza ya klabu, umuulize, "Mzee, wageni wakikaa hapa, mlima Elgon watauonea wapi?" Ataagiza msumeno mwenyewe.

Murembe uache. Injinia usimwambie habari za viapo, mwambie habari za gofu. Mti ni banka lililosimama wima. Mwenye nguvu za kupita juu apite, mwingine azunguke kushoto na kupoteza pigo moja. Haujai maji, hauhitaji mchanga, haumwagiki. Sogeza njia ya kupigia hatua kumi na tano kushoto, ili shimo zima lijikunje kuufuata mti. Ule mmoja unafanya kazi ya mabanka mawili.

Na mabanka yenyewe, piga hesabu hii mbele ya Injinia. Kuta zilizosimama zikipigwa na mvua, mchanga wote unashuka chini. Kurudisha mchanga wa banka moja ni watu wanne kwa nusu siku. Mabanka thelathini na moja ni siku sitini na mbili za mtu mmoja. Gawanya kwa watu wako kumi na wanne: siku nne na nusu. Huko kwetu mvua hunyesha kila alasiri. Mtamaliza lini? Lalaza kuta, zivishe nyasi, mchanga ukae chini tu kwenye sakafu bapa, inchi nne, na chini yake kokoto na mtaro.

Haya. Nimekupa miaka kumi na tisa ya kazi kwa stempu moja. Sasa nisikilize.

Kuna klabu mpya inajengwa upande wa barabara ya Thika. Wanatafuta mkuu wa nyasi. Tulikuwa watu tisa, tukabaki watatu, nikabaki mimi. Katibu wao, Bi. Lydiah, akaomba faili langu kutoka klabu yetu ya zamani. Juzi akaniita.

"Mzee Wekulo, kwa kazi umewashinda wote. Lakini hapa kuna karatasi inayosema Septemba 1993 uliua grini tatu kwa dawa."

"Nilitia sahihi," nikamwambia.

"Kutia sahihi na kuua, kuna tofauti?"

"Iko."

"Basi mtu aliyekuwepo aniandikie hiyo tofauti. Nitakungoja mpaka tarehe 30 Septemba, siwezi kupita hapo."

Siku ile tulikuwa kazini watu saba. Wawili wamekufa. Watatu sijui waliko. Nabaki mimi, na karatasi yenye sahihi yangu inanipinga. Unabaki wewe.

Nilianza kwa kubeba mifuko ya wazungu nikiwa na miaka kumi na saba. Kusoma nilijifunzia kwenye magunia ya mbolea. Sina cheti, nina jina, na jina hilo liko kwenye faili lenye karatasi ile. Sikuambii cha kuandika. Andika unachokijua kuhusu siku ile.

Naftaly


Lurende.
3 Agosti 1997

Kaka mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Maurine amejiunga na kikundi cha kina mama, wananunuliana masufuria. Asenath ameota jino la nyuma na hataki mtu aliguse.

Maneno yako yamefanya kazi! Meneja alisimama barazani, akatazama, akasema, "Lo, kumbe kuna mlima." Mikaratusi tisa ilianguka wiki hiyo hiyo. Jua sasa linafika grini ya nne saa moja na dakika ishirini. Ukoka umeshika, ni kijani hata Mama alipoletwa kuutazama aliuliza kama umepakwa rangi. Injinia amenikubalia kubadilisha shimo la nne peke yake, yale mengine yafuate mchoro. Murembe umebaki. Wabwire amefurahi sana, kila asubuhi anauamkia.

Nyasi ya njia ya kupigia naikata inchi moja na robo. Je, niishushe mpaka inchi moja kabla ya mvua za vuli, au niiache? Na mchanga wa mto una matope kidogo, niuoshe mara ngapi?

Kuhusu lile jambo lako la faili, nitaona. Siku ile mambo yalikuwa mengi, na mimi akili yangu ilikuwa hospitali.

Nimekutumia gunia la mahindi mabichi kwa basi. Chukua pale stendi ya mabasi ya Machakos Airport, ofisi ya mizigo.

Nduguyo,
Laban


Mbotela.
20 Agosti 1997

Laban,

Mahindi tumekula. Barua sijaiona.

Usishushe nyasi. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe, usinihesabie mara.

Umeuacha murembe usimame. Vizuri. Basi upite mbele yake kila asubuhi, wewe pia, kama Wabwire.

Zimebaki siku arobaini na moja.

Naftaly


Lurende.
26 Oktoba 1997

Kaka,

Najua leo ni tarehe ngapi, na najua tarehe 30 Septemba imepita. Najua pia hukuniandikia tena. Mama yu mzima. Mto umebomoa daraja dogo, kwa hiyo sijui barua hii itapita njia gani.

Mvua hii wanayoiita El Niño siyo mvua tuliyoizoea. Imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Mabanka ya shimo la pili, la tatu, la saba na la nane yameanguka kuta zote. Mchanga umetiririka mpaka juu ya grini ya saba, umelala pale kama uji uliomwagika. Tulirudisha mchanga Jumatatu, Jumanne ukashuka. Tulirudisha Alhamisi, Ijumaa ukashuka. Ni vilevile ulivyosema, sitini na mbili kugawanya kwa kumi na nne. Shimo la nne peke yake halikuguswa. Maji yanaingia kwenye banka, yanashuka kwenye kokoto, yanakwenda zake. Injinia Sylvance alisimama pale na mwavuli wake nusu saa nzima akiyatazama.

Zimebaki wiki sita na siku tano. Meneja ameuliza mara mbili kama nafaa kazi hii. Nifanye nini na yale mengine?

Nitakuambia jambo moja la kipuuzi. Kutoka stoo ya dawa mpaka grini ya nne, njia fupi inapita chini ya murembe. Mimi huzunguka nyuma ya mikaratusi, hatua mia mbili zaidi, na pampu mgongoni. Wabwire aliniuliza, "Bosi, huko nyuma umepoteza nini?" Nikamwambia nakagua mtaro.

Laban


Mbotela.
17 Novemba 1997

Laban,

Barua yako imechukua siku kumi na saba, imefika imeloa, wino umekimbia. Nimeisoma. Hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori la molasi ili isilale posta.

Kwanza kazi, maana nyasi haina kosa.

Acha kurudisha mchanga. Chagua mabanka kumi na mawili, yale tu ambayo mpira unafika ukitua kwenye ardhi mbichi. Hayo yalaze kama la shimo la nne. Yale mengine yote, toa mchanga, tia udongo, panda ukoka kwa vipande, siyo kwa shina, shina halitawahi. Yaache kama mabonde ya nyasi. Mpira ukiingia humo utamsumbua mtu vilevile, na mvua haina cha kuiba. Watu saba wapande, saba wachimbe mitaro. Ukianza kesho kutwa utamaliza tarehe 8 Disemba, zibaki siku nne za kufagia.

Sasa lile lingine. Bi. Lydiah alimchukua mtu mwingine tarehe 1 Oktoba. Alinipigia simu dukani hapa chini, akasema anasikitika, na nadhani kweli alisikitika. Kwa hiyo sikuombi tena. Nakuambia tu, maana nimechoka kubeba vitu viwili, cha kwako na changu.

Asubuhi ile, kabla kamati haijafika, nilizitembea grini zote tatu peke yangu. Nyasi ilikuwa imekufa kwa mistari, mstari mmoja kwa kila njia ya mtu mwenye pampu. Na kila mstari, ulipofika ukingoni, ulijikunja kushoto kama kulabu. Anayeshika mpini wa pampu kwa mkono wa kulia huukunja kulia. Tulikuwa saba, na kati ya saba ni mmoja tu aliyekuwa wa kushoto. Mama alikuchapa mkono huo mpaka ukafika darasa la nne, na haukubadilika.

Maurine alikuwa na siku ya pili Pumwani, mtoto hajatoka. Ulikuwa unalala kwenye nyumba ya klabu. Wangekufukuza kazi na nyumba siku moja. Nikapiga hesabu. Mimi nina Rispa na chumba cha Mbotela, wewe huna kitu. Kamati ikauliza nani alichanganya dawa. Mkubwa wa nyasi ni mimi, nikatia sahihi.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje mwenyewe. Nilidhani utakuja jioni ile. Kisha nikadhani utakuja mtoto akitoka hospitali. Kisha nikadhani Krismasi. Ukaniletea swali la mabanka.

Naftaly


Lurende.
16 Disemba 1997

Kaka yangu,

Mama hajambo, Maurine hajambo, Asenath hajambo. Mimi sijui.

Tulimaliza tarehe 9. Ijumaa ya Jamhuri mvua ilitupa nafasi mpaka saa nane mchana. Kwenye shimo la nne Meneja alipiga mpira wake wa pili kwa nguvu, ukagonga murembe, ukarudi ukalala karibu na viatu vyake. Wageni walicheka, naye akacheka. Akauliza, "Nani alikuwa na roho mbaya ya kuuacha mti huu hapa?"

Injinia Sylvance akanitazama. Nikasema, "Ni kaka yangu mkubwa, mzee. Naftaly Wekulo, wa Mbotela. Shimo hili ni lake, na mabanka yote mliyoyaona ni yake."

"Mtu kama huyo yuko klabu gani?"

Kaka, swali lilikuwa dogo namna hiyo. Tulikuwa tumesimama chini ya matawi. Wabwire alikuwa nyuma yangu na reki, nikasikia ameacha kufagia. Ningeweza kusema umestaafu. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Nikasema, "Hayuko klabu yoyote. Alifukuzwa kwa kosa langu."

Nikaeleza yote. Kwamba pampu ilikuwa na dawa ya kuua magugu iliyopigwa kwenye vijia vya kokoto. Kwamba ilikuwa imebaki chini, na mimi sikuimwaga wala kuisuuza, nikaongeza mbolea ya maji juu yake kwa sababu nilitaka kufika Pumwani kabla ya saa sita. Kwamba nilipoona nyasi imekufa nilijua siku ile ile. Kwamba ulipotia sahihi nilijiambia labda wewe nawe ulichanganya kitu, labda kosa ni lako kweli. Mtu akijiambia jambo miaka minne linasimama kama zile kuta za mchoro, mpaka mvua inyeshe.

Hakuna aliyecheka. Meneja alichukua fimbo yake akaenda kwenye grini. Jumatatu waliniita ofisini, wakaninyang'anya ufunguo wa stoo ya dawa na usimamizi. Niko kwenye mashine ya kukata nyasi, chini ya Wabwire. Ananiita bosi bado. Nimemwambia aache.

Nimeandika barua tatu za maneno hayo hayo, kila moja nimetia sahihi kwa mkono wa kushoto. Moja kwa kamati ya klabu yetu ya zamani, moja kwa Bi. Lydiah, ya tatu ndiyo hii iliyofungwa pamoja na barua hii. Najua zimechelewa. Sikuombi kitu.

Sasa napita chini ya murembe.

Laban


Mbotela.
11 Januari 1998

Laban,

Salamu zako nimezipata, na za Mama nimezisikia hata ambazo hukuandika. Kanjo walikuja tena juzi. Safari hii nilikuwa nimeviweka vitalu vyangu kwenye mikokoteni miwili, nikavisukuma mpaka uwani kwa Phelister. Walikuta ardhi tupu, wakaandika kwenye kitabu chao kwamba wamefaulu.

Nilipeleka barua yako kwenye klabu ya zamani kwa miguu yangu. Karani aliniacha nimesimama dakika hamsini. Hatimaye wakaniletea nakala ya karatasi mpya iliyowekwa juu ya ile ya zamani, mistari minne, na muhuri. Kazi hawakunipa. Bi. Lydiah naye ana mtu wake na hawezi kumfukuza kwa sababu ya barua iliyochelewa. Rispa ameiweka ile karatasi kwenye Biblia. Aliniuliza, "Basi? Ndiyo hiyo tu, miaka minne?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaifungua tena akaisoma mara ya pili.

Bado nina hasira nawe. Nimeipima, imepungua kama robo. Usinitumie mahindi kwa ajili ya robo tatu iliyobaki.

Sasa sikiliza. Injinia Sylvance ameniandikia. Anasema kampuni inataka mashimo mengine tisa ng'ambo ya mto, na hawataki michoro ya Januari. Ananitaka mimi nichore na nisimamie. Ananipa nyumba, kandarasi ya miaka miwili, na kiti chako. Anasema wewe utaondolewa kabisa nikitaka, kwa sababu anaelewa kwamba ndugu wana mambo yao.

Nimemjibu kwamba nitafika tarehe 2 Februari, Rispa atafuata akishapata wa kumwachia biashara ya mboga. Nimemwambia sitachora hata mstari mmoja mpaka nitembee ardhi ile kwenye mvua ya Machi nikiwa na gambuti miguuni. Nimemwambia miti isiguswe kabla sijaiona. Na nimeweka sharti, nimelipigia mstari mara mbili: stoo ya dawa ifungwe kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo apewe Laban Wekulo, kwa sababu nimefanya kazi hii tangu ujana wangu na sijakutana na mtu mwingine anayesuuza pampu mara tatu.

Ukija kunipokea stendi, uje na koti la mvua. Goti la Mama linasemaje?

Kaka yako,
Naftaly